Dengu Ndani ya Jicho

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo katikati ya kipindi cha baiolojia, ikapiga bati mpaka mwalimu akaacha kufundisha. Badala yake akavua kofia yake ya pama na kuizungusha darasani. Ndani mlikuwa na vikaratasi vilivyokunjwa, kimoja kwa kila mwanafunzi. Alisema maneno mengi ya udaktari ni kama treni, na kichwa cha treni mara nyingi kimetoka kwa Wagiriki wa kale. Ukikijua kichwa, unajua treni inakwenda wapi. Kila mmoja atachukua kichwa kimoja, na kabla muhula haujaisha atasimama mbele na kueleza maana yake na asili yake.

"Na msiniletee kamusi," akasema. "Kamusi ninayo. Nileteeni mtu. Mtu mmoja aliye hai, ambaye neno hilo linamhusu."

Jirani yangu wa dawati, tunayemwita Redio kwa sababu hazimi, alipata kardio-, yaani moyo. Wa nyuma yangu alipata hemo-, damu. Mimi nilipata fako-.

Redio akachungulia. "Fako? Hiyo si dawa ya mende?"

Kusimama mbele ya watu arobaini kunanitisha kuliko mtihani wowote. Ndiyo maana nimeanza daftari hili. Humu hakuna anayenitazama.

Alhamisi, 7 Machi

Fako- haimo kwenye kamusi ya shule. Mvua.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimeandika vipimo vya Mjomba.

Mjomba ni kaka yake Mama na anaishi nasi, katika chumba cha mbele ambacho nusu ni kitanda na nusu ni makopo. Ni fundi wa rangi na maandishi: kuta, vibao vya maduka, namba za milango. Mtaani wanamwita Bwana Mstari, kwa sababu huvuta mstari wa hatua kumi bila rula huku anapiga mluzi. Kila rangi anayochanganya hunitajia vipimo nami naviandika kwenye kitabu chake, ili mwenye ukuta akitaka kiraka mwakani, rangi ilingane. Ananiita Karani. Nimeifanya kazi hii tangu darasa la nne na naipenda kuliko ninavyoonyesha.

Duka la viatu: nyeupe ndoo moja, buluu vijiko viwili.

Nikamwuliza mbona viwili, siku zote huwa kimoja.

"Nyeupe za siku hizi zimechoka, Karani. Zinatoka kiwandani na unjano kama meno ya mvuta sigara. Nyeupe bila buluu imelala. Buluu ndiyo inayoiamsha. Sasa hii ina usingizi mzito."

Jumatano, 13 Machi

Mwalimu ameniazima kamusi yake ya tiba. Nimeibeba kifuani chini ya sweta kama mtoto mchanga, nikalowa mimi ikabaki kavu.

Fako-: kutoka neno la Kigiriki phakos, dengu. Huhusu lenzi ya jicho.

Dengu! Wenzangu wana moyo, damu na ubongo. Redio amecheka mpaka akashika mbavu. "Wewe peke yako umepewa mboga!"

Alhamisi, 14 Machi

Nimesoma tena na sasa siwezi kucheka. Nyuma ya mboni ya jicho kuna kitu kidogo cha mviringo, angavu, kimevimba katikati na chembamba ukingoni. Ndicho kinachokusanya mwanga ili tuone. Aliyekipa jina hakuwa na neno la kukiita. Nadhani alikitazama sana, halafu akakumbuka chungu cha kwao. Mtu mwenye elimu yote ile, akaenda kuazima neno jikoni. Na kumbe hata neno lenzi limetoka kwenye jina la dengu, ila kwa Kilatini. Kwa hiyo miwani, kamera, na ile hadubini ya maabara tunayoigombania, zote ni dengu tupu.

Jumamosi, 16 Machi

Duka la dawa, mlango na fremu: buluu vijiko vitatu.

Jumanne, 19 Machi

Mvua siku nzima, rangi haikauki, Mjomba yuko nyumbani na anamsumbua Mama kuhusu chumvi. Alipita nilipokuwa naandika, akapapasa ukurasa. "Daftari lako limezeeka mapema. Karatasi ya njano hivi."

Nikamwambia ni jipya.

"Basi na viwanda vya karatasi vimechoka."

Jumamosi, 23 Machi

Kinyozi: vitano.

Jumamosi, 30 Machi

Ukuta wa shule ya chekechea: saba. Mjomba anasema sasa hata buluu yenyewe haina nguvu. Ukuta umetoka mweupe, mzuri. Nilipita kuuona.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nimeona watu wazima wawili wakivunja urafiki, na sijui niweke wapi mikono yangu.

Mzee wa Makopo anauza rangi kwenye kona. Yeye na Mjomba wamejuana tangu hawajaota ndevu, na salamu yao ni matusi. Leo nilikwenda na Mjomba kuchukua buluu, na matusi yalianza kama kawaida, kisha yakaacha kuwa salamu.

"Buluu yako haina nguvu," akasema Mjomba.

"Buluu ni ile ile."

"Ile ile? Naweka vijiko saba! Hivi napaka ukuta au nakoroga uji?"

"Pengine si buluu..." Mzee akasita.

"Pengine nini? Mkono wangu una nini?"

Mzee alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. "Mkono wako mzuri," akasema polepole.

"Umetia kitu humu. Niangalie usoni useme hujatia."

Nilingoja aseme, nilimwomba kimoyomoyo aseme, lakini Mzee alichukua kitambaa akaanza kufuta kopo lililokuwa safi.

Mjomba aliweka buluu juu ya meza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Miaka arobaini na sita," akasema. "Kumbe nilikuwa nakunywa chai na tapeli."

Njiani hakupiga mluzi.

Jumamosi, 6 Aprili

Mjomba amepata kazi ya zahanati: korido nzima, na majina ya milango yote. Wakiridhika watampa na jengo jipya la wodi, kazi ya mwaka mzima. Mama amefurahi mpaka amesahau ugomvi wa chumvi. Buluu sasa ananunua duka la mtaa wa pili.

Korido ya zahanati: nyeupe ndoo moja, buluu vijiko saba.

Jumanne, 9 Aprili

Nilipotoka shule nilipitia zahanati. Nilitaka kuona maneno ya milango, kwa sababu naamini hakuna mwenye herufi nzuri kama za Mjomba. Na kweli, zilikuwa pale, nyeusi, zimesimama kama wanafunzi siku ya ukaguzi. Lakini ukuta ulikuwa wa buluu.

Si buluu ya kuamsha. Buluu hasa. Kila mtu kwenye mabenchi alikuwa na uso wa ubuluu kidogo. Mtoto mmoja alikuwa ameinua kichwa, akamwuliza mama yake, "Tumefika mbinguni?"

Nesi mkuu alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni. "Fundi, si tulikubaliana nyeupe?"

"Na hii ni nini?" akasema Mjomba.

Nilidhani anabishana. Halafu nikamwona usoni. Alikuwa anauliza.

"Fundi, unanitania?"

"Dada yangu, mimi nimepaka rangi tangu wewe hujazaliwa. Hii ni nyeupe. Karani! Njoo uwaambie."

Watu wote wakanigeukia: mabenchi mawili ya wagonjwa, nesi mkuu, mtoto wa mbinguni. Mjomba alikuwa ananitazama kwa uhakika kabisa, kama mtu anayetoa kitambulisho mfukoni.

Nikasema, "Ni... ni safi."

Hilo ndilo nililosema. Si nyeupe, si buluu. Safi. Nesi akahema. Akasema atazungumza na mganga mkuu, na kwamba kwa sasa fundi asiendelee na lolote, na habari ya wodi isubiri. Mjomba akakunja turubai lake pembe kwa pembe. Alipokuwa ananawa mikono alisema kwa sauti ndogo, bila kunitazama, "Hawa watu wana nini?"

Nimekuwa mwoga maisha yangu yote, lakini leo ndiyo mara ya kwanza uoga wangu umemwumiza mtu mwingine.

Jumatano, 10 Aprili

Nimefungua kitabu cha vipimo na kukiweka kando ya kamusi. Kimoja, viwili, vitatu, vitano, saba. Kamusi inasema lenzi ya jicho, umri wa mtu ukisonga, huweza kuingia unjano na ukungu, na mwenyewe asijue kwa sababu inakwenda taratibu. Ndiyo mtoto wa jicho. Nyeupe zenye unjano. Daftari lililozeeka. Si viwanda vilivyochoka.

Lakini kitu kimoja hakikai sawa. Chekechea pia ilipata vijiko saba, na ule ukuta ni mweupe. Nimeuona kwa macho yangu.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimekwenda kwa Mzee wa Makopo peke yangu. Nilizunguka duka mara tatu kabla ya kuingia.

"Buluu ya Mjomba ulitia nini?"

Alidhani nimetumwa kumtukana. Alipoona sina la kuongeza, alivuta kigoda akanikalisha.

"Chaki," akasema. "Unga wa chaki. Niliuona mlango wa duka la dawa, una ubuluu. Nikasema aah, mwenzangu haoni sawasawa. Nikamwekea kopo lake la buluu pembeni, nikaipunguza makali. Akaja anataka zaidi, nikaongeza chaki. Kila akiongeza kijiko, mimi naongeza chaki, kuta zake zinatoka sawa. Tungeweza kwenda hivyo hata mwaka."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Mwanangu, utamwambiaje fundi rangi kwamba haoni rangi? Ningeanza na neno gani?"

Nikasema ninalo.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilimweleza fako- yote, dengu, unjano, kila kitu. Mzee alisikiliza huku mdomo wazi. Kisha akasema, "Basi nenda na neno lako. Mimi nilikuwa na chaki tu." Alikuwa anatania, lakini alijifuta macho kwa kile kitambaa cha makopo na kujipaka kijani shavuni.

Nilimdhania mwizi siku tisa nzima. Alikuwa anapokea matusi ili rafiki yake aendelee kuwa Bwana Mstari.

Jumamosi, 13 Aprili

Mjomba alikuwa amekaa kitandani, brashi zote zimeoshwa na kupangwa kwa ukubwa. Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele. Nikasema, "Mjomba, naomba nikusomee kitabu chako."

Nikasoma. Duka la viatu, viwili. Duka la dawa, vitatu. Kinyozi, vitano. Nilipofika zahanati nikamweleza na habari ya chaki. Mama aliacha mchele.

Mjomba alichukua brashi ndogo kuliko zote, akairudisha mahali pake. "Endelea," akasema.

Nikaendelea. Nikamwambia habari za Wagiriki na chungu chao.

"Kwa hiyo nina dengu jichoni."

"Kila mtu anazo mbili, Mjomba."

"Na zangu zimeungua."

"Zimeiva kidogo tu. Inaitwa mtoto wa jicho."

"Mtoto!" Akamgeukia Mama. "Dada, mimi hata mke sina, mtoto nimepata wapi?"

Mama akacheka, kisha akalia, kisha akamrushia punje za mchele. Tulipotulia Mjomba aliniuliza, "Ile korido. Ni rangi gani hasa?"

"Ya anga. Asubuhi, mvua ikikatika."

"Nzuri?"

"Nzuri sana. Ila si nyeupe."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Niliogopa."

"Hata mimi," akasema. "Naogopa tangu mwezi uliopita. Nilidhani ni ufundi wenyewe unanitoka."

Jumanne, 16 Aprili

Mjomba amekwenda kwenye kona. Nilisimama mbali kidogo.

"Umenilisha chaki wiki mbili nzima."

"Kuta zililalamika?"

"Tapeli wewe."

"Kipofu wewe. Kaa, chai inapoa."

Jumamosi, 20 Aprili

Wamepaka korido upya, wote wawili. Mzee anachanganya, Mjomba anashika brashi. Nyeupe ndoo moja, buluu kijiko kimoja, chaki hakuna. Nesi mkuu alipoelezwa alishika mdomo, kisha akaandika barua ya kwenda kwa daktari wa macho. Habari ya wodi, akasema, itangoja macho ya fundi.

Jumatano, 24 Aprili

Daktari wa macho anasema yote mawili, la kulia ndilo bovu zaidi, waanze nalo. Watafanya tundu dogo, watavunjavunja lenzi kwa mitetemo, wataifyonza, wataweka ya plastiki. Jina la upasuaji linaanza na fako-! Nilitaka kumwambia daktari kwamba neno hilo ni langu. Sikusema.

Mjomba amekataa.

"Hili la sasa ni bovu lakini naona nalo. Wakikosea nitakuwa nani? Bwana Nini?" Amesema Mzee atakuwa anachanganya na yeye atapaka, yatosha.

Jumapili, 28 Aprili

Mama amembembeleza. Mzee wa Makopo amemtukana. Hakuna kitu. Mvua nayo haikatiki.

Ijumaa, 3 Mei

Zamu yangu darasani ni Jumanne. Nimemwuliza Mjomba kama ninaweza kumsema. Alifikiri. "Sema fundi. Usiseme Bwana Mstari, watakuja kunichungulia." Halafu akasema nifanye mazoezi mbele yake, kwa sababu sauti yangu ni ya mbu.

Nilisimama katikati ya makopo. Mara ya kwanza alinikatiza: "Sisikii." Mara ya pili: "Sasa nasikia, lakini unamwambia sakafu." Mara ya tatu nilifika mwisho.

"Rudia pale pa yule Mgiriki. Alipokosa neno."

Nikarudia.

"Alikuwa na kitu cha ajabu mkononi," akasema Mjomba, "na hakukiogopa. Akakiita dengu." Alijikuna kidevu. "Wewe unaogopa Jumanne?"

"Sana."

"Ukisimama wewe, nitalala mimi kwenye kitanda chao. Tumeelewana?"

Sijawahi kupewa mzigo mzito hivyo. Wala heshima.

Jumanne, 7 Mei

Nimesimama.

Nilichukua dengu kwenye kibiriti kitupu, nikampa kila mmoja punje moja aishike kwenye mwanga. Darasa zima likawa limefumba jicho moja. Nikawaambia: kila mmoja wenu anatazama dengu kwa kutumia dengu. Nikasema habari za fundi na vijiko vyake, na rafiki yake na chaki. Sauti ilikatika mara mbili, nikaiokota. Redio alikuwa kimya. Redio!

Mwalimu hakusema vizuri wala vibaya. Aliuliza, "Huyo fundi, atafanyiwa lini?"

Nikasema, "Sijui tarehe, lakini kuanzia sasa hivi amekubali."

Jumanne, 14 Mei

Amefanyiwa jicho la kulia. Amerudi na kiraka cha plastiki, analalamika chumvi haitoshi, kwa hiyo yuko salama. Mama hajakaa chini tangu asubuhi.

Jumatano, 15 Mei

Daktari alibandua kiraka saa tatu. Mjomba alitazama koti la daktari. Alitazama dirisha, ambapo mvua ilikuwa imekatika. Kisha akatazama ukuta na uso wake ukakunjamana.

"Unaona?" akauliza daktari.

"Naona," akasema Mjomba. "Nani aliwapakia kona ile? Ametumia brashi ya viatu?"

Daktari akacheka peke yake. Mimi na Mama hatukuweza.

Jumamosi, 18 Mei

Jua. Mjomba anazunguka mtaa akifunika jicho hili, kisha hili. Amekwenda kuona kila ukuta aliopaka mwaka huu. Mbele ya mlango wa duka la dawa alisimama muda mrefu, kisha akamwita mwenye duka na kumwambia ataurudia bila malipo. Mwenye duka akasema asithubutu, wateja wameuzoea.

Jumamosi, 25 Mei

Wodi amepewa. Jicho la kushoto ni Jumatano.

Leo asubuhi nilimkuta uani na ubao, kopo la nyeupe, la njano na la kahawia. Nusu ya ubao ilikuwa nyeupe. Nusu ya pili alikuwa anaipaka, anaifuta, anaipaka tena. Anafumba la kulia, anatazama nyeupe. Anafumba la kushoto, anachanganya. Alifanya hivyo mpaka jua likapanda juu ya paa, na sikuthubutu kumsemesha.

Mwishowe akaniita. "Tazama. Hii ndiyo nyeupe niliyokuwa naiona."

Nilikuwa nimetarajia kitu kichafu. Hakikuwa kichafu. Ilikuwa rangi ya chai yenye maziwa mengi, ya joto, kama jua linalopita kwenye pazia. Alikuwa ameishi ndani yake miaka kadhaa bila kujua, akivuta mistari iliyonyooka, akitutafutia weupe humo humo.

"Chukua kitabu," akasema.

"Niandike ya nani?"

"Ya jicho langu la kushoto. Jumatano wanaitoa dengu yake, na hapatakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwuliza."

Nikachukua kalamu. Alinitajia polepole, nami niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote:

Jicho la kushoto la Mjomba: nyeupe kopo moja, njano vijiko vinne, kahawia nusu kijiko. Buluu hakuna.